Samaki Gani Akae na Nani? Somo la Mabwawa ya Kisii kwa Mwenye Tangi la Kioo Pwani

KWA mtu wa pwani samaki ni jambo la bahari. Huvuliwa, huletwa sokoni, hupakwa nazi, huliwa. Habari ya kumfuga samaki wazee wetu wangeicheka, kwani ni nani afugaye kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekimwaga mlangoni pake? Hata hivyo zama zimegeuka. Leo wako watu wa mijini wanaopenda kuweka sebuleni tangi la kioo lenye samaki wa rangi, wa kutazamwa na watoto na wageni. Na mbali sana na mawimbi, juu ya vilima vya Kisii na Nyamira, mkulima wa ndizi na majani chai naye ana samaki wake, si wa kutazama bali wa kula na kuuza.

Watu hawa wawili hawajuani. Mmoja ana maji ya chumvi ya kujaza pipa moja au mawili, na mwenzake ana bwawa la maji ya chemchemi lililochimbwa bondeni. Lakini swali linalowashughulisha ni moja: samaki gani akae na nani? Atakayelijibu vibaya, ama ataamka asubuhi akute samaki mmoja amenona na wenzake hawapo, ama baada ya miezi minane ya kulisha atalikausha bwawa lake akute maelfu ya samaki wenye urefu wa kidole.

Makala haya yatalijibu swali hilo kwa kuanzia bara. Huko ndiko lilikojaribiwa na watu wengi, kwa fedha nyingi, na majibu yake yakaonekana wazi. Kisha tutateremka pwani kwenye tangi la kioo.

VILIMA VISIVYO NA BAHARI

Mji wa Kisii uko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,700, na sehemu nyingi za Nyamira ziko juu zaidi. Mvua ni nyingi, na mito haikauki upesi. Mto Gucha na vijito vya Mto Sondu huteremka kutoka vilima hivyo kuelekea Ziwa Victoria. Ardhi ina rutuba, lakini watu ni wengi na mashamba yamegawanywa baba kwa mwana hata yakawa vipande vidogo. Kwa hiyo kila pembe ya shamba yatafutiwa kazi. Bonde lenye majimaji, ambalo mahindi hayaoti vyema, ndilo huchimbwa bwawa.

Ufugaji wa samaki nchini Kenya si jambo la jana. Perege walianza kujaribiwa katika mabwawa mnamo mwaka 1924, na kituo cha Sagana kikaanzishwa mwaka 1948. Katika miaka ya 1960 Serikali ilipiga mbiu ya kuwataka wananchi wale samaki kwa wingi, na vidimbwi vingi vikachimbwa magharibi ya nchi na Nyanza. Vingi kati ya hivyo baadaye viliachwa vikaota nyasi.

Msukumo mkubwa ulikuja mwaka 2009, Serikali ilipotangaza mpango wa kuinua uchumi. Katika mpango huo majimbo 140 ya uchaguzi yalikusudiwa kupata mabwawa 200 kila moja, yaani mabwawa 28,000 kwa jumla. Kila bwawa lilikuwa la mita za mraba 300, nalo lilitiwa vifaranga wa samaki wapatao 1,000. Kisii na Nyamira zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoupokea mpango huo. Katika eneo la Kegati, karibu na mji wa Kisii, kiko kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, ile ile ambayo watu wa Mombasa waijua kwa makao yake makuu. Kazi ya kituo cha Kegati ni samaki wa mabwawa.

Hapo ndipo wakulima wengi walipoanza kujifunza kwamba kuchimba bwawa ni kazi ya jembe, lakini kujua ni nani wa kutiwa ndani yake ni kazi ya akili.

PEREGE NA WINGI WA WANAWE

Samaki apendwaye zaidi katika mabwawa hayo ni perege, ambaye Wakenya wengi humwita tilapia na Wajaluo humwita ngege. Ni samaki mwenye sifa njema: hali nyama ya wenzake, hula majani laini na ile rangi ya kijani inayoota majini, hustahimili maji yasiyo safi sana, na mezani ni mtamu. Mkulima akitia samadi ya ng'ombe au ya kuku kwa kadiri, maji hugeuka kijani na perege hupata chakula bila gharama. Kipimo chake ni chepesi: zamisha mkono hadi kiwiko, kiganja kikianza kupotea machoni, basi chakula kimo cha kutosha.

Taabu yake ni moja tu, nayo ni uzazi. Perege huanza kuzaa akingali mdogo, mwenye umri wa miezi michache. Jike hutaga mayai, kisha huyaweka mdomoni mwake mpaka yaanguliwe, na hata watoto wakishatoka huwarudisha mdomoni wakiona hatari. Ndiyo maana wengi huponea. Hebu tupige hesabu ya mfano. Katika vifaranga 1,000 tuseme nusu ni majike, yaani 500. Ikiwa kila jike atatoa watoto 100 tu wenye kuishi, bwawa lililotengenezwa kwa samaki 1,000 litakuwa na 50,000 zaidi. Chakula ni kile kile, hewa ndani ya maji ni ile ile, na nafasi ni ile ile. Matokeo yake hakuna anayekua. Mkulima huona maji yakitikisika kila anapotupa chakula, akafurahi kwamba samaki ni wengi, lakini siku ya kuvua hupata samaki wasiofaa hata kukaangwa.

Na baridi ya milimani huongeza tatizo. Perege hukua vyema maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hupunguza kula na kukua. Kwa hiyo samaki wa Nyamira huchelewa kuliko mwenzake wa kando ya ziwa au wa pwani. Mwenye haraka hukata tamaa na kuliacha bwawa.

KAMBARE KAMA ASKARI

Dawa ya uzazi huo ziko mbili. Ya kwanza ni kutia madume matupu. Mtu mwenye ujuzi huweza kumgeuza kifaranga aliyekua kidogo na kumtazama chini ya tumbo: dume ana matundu mawili, jike matatu. Kazi hii ni ya subira na macho makali, na akipenya jike mmoja au wawili tu hesabu huanza kuharibika. Viko pia vituo vya kuzalisha vifaranga ambavyo hutoa madume peke yao kwa kuwalisha watoto wachanga homoni katika wiki zao za kwanza.

Dawa ya pili ni kumwekea perege jirani anayekula watoto wake, naye ni kambare. Kambare hana magamba, ana sharubu ndefu, na juu ya mashavu yake ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, hata huweza kuishi katika maji machafu ambayo wenzake watakufa. Yeye hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, mabaki ya jikoni, na vitoto vya perege. Zaidi ya hayo, katika bwawa la kawaida kambare hazai ovyo kama perege. Kwa hiyo idadi ya askari haiongezeki bila ya mwenye bwawa kutaka.

Lakini askari naye hupangiwa masharti. Kambare mkubwa akitiwa pamoja na vifaranga wa perege atawamaliza wote, na mkulima atakuwa amelisha samaki mmoja kwa bei ya elfu. Utaratibu unaofaa ni huu: perege watangulie, wakue kidogo, ndipo kambare watiwe wakiwa wadogo kuliko perege, ili midomo yao itoshe kumeza watoto tu na si wazazi. Tena wawe wachache, mathalani kambare 50 hadi 100 kwa perege 1,000. Nao wenyewe wawe wa kimo kimoja, kwani kambare mkubwa humla kambare mdogo bila ya haya. Na kwa kuwa hukua upesi, wavuliwe mapema kabla hawajageuka kutoka askari wakawa majambazi.

Basi hapo pana kanuni ambayo msomaji aishike, maana tutaihitaji kwenye tangi la kioo: samaki wawili waweza kuishi pamoja au kuangamizana kwa sababu ya tofauti ya ukubwa tu, wala si kwa sababu ya jina la jamii yao.

JIRANI WA BWAWANI NA JIRANI WA MEZANI

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi vya ufugaji hulisahau. Katika nchi ya Abagusii wako Waadventista wengi, tangu zama za misheni ya Nyanchwa mjini Kisii. Hao, kwa kufuata sheria ya Taurati, hawali samaki asiye na magamba. Kwa hiyo kambare, ambaye ni jirani mwema ndani ya bwawa, sokoni huweza kukosa mnunuzi, na nyumbani kwa mkulima mwenyewe asipikwe. Mkulima wa namna hiyo hafai kuambiwa kambare ni dawa. Kwake dawa ni madume matupu, au atafute kwanza mnunuzi wa mjini.

Na sisi Waislamu je? Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wa Waislamu wa pwani, samaki ni halali awe na magamba au asiwe nayo. Ndugu zetu Ithnaashari kwao sharti la magamba lipo, na kambare hawamli. Hivyo Mwislamu wa Lamu na Mwadventista wa Keroka, ambao pengine hawatakutana maishani, kila mmoja ana la kuuliza juu ya samaki yule yule.

Liko pia suala la chakula anacholishwa samaki. Baadhi ya wafugaji katika nchi mbalimbali hutumia kinyesi cha nguruwe kurutubishia maji, au huwatupia kambare mabaki ya machinjioni. Wanazuoni wamelizungumza jambo la mnyama anayelishwa najisi, na njia iliyotajwa ni kumtenga na kumlisha chakula safi mpaka nyama yake isafike. Mwislamu anayenunua samaki wa bwawa ana haki ya kuuliza alilishwa nini, na mfugaji mwenye akili ataona kwamba samadi ya ng'ombe au ya kuku humfungulia wanunuzi wengi zaidi.

MBUTA ALIVYOINGIA ZIWANI

Kabla ya kushuka pwani, na tutazame ziwa ambalo mito ya Kisii huishia. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 mbuta, ambaye Tanzania humwita sangara, alitiwa katika Ziwa Victoria. Hakuwa wa humo. Samaki huyu huweza kupita kilo 100, na mdomo wake ni kama ndoo. Ziwani mlikuwa na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao fulu, ambao hawakuwa wamezoea adui wa namna hiyo. Kwa miaka kadha mbuta alikaa kimya. Ilipofika miaka ya 1980 aliongezeka ghafula, na fulu wakapungua hata wataalamu wakakadiria kwamba aina zipatazo 200 huenda zilitoweka. Perege wa asili wa ziwa hilo naye alisukumwa pembeni na perege wa Mto Nile aliyeletwa katika miaka hiyo hiyo.

Ni kweli kwamba mbuta alileta viwanda na fedha za kigeni, na wako wengi waliosomesha watoto kwa mgongo wake. Lakini fulu waliopotea hawatarudi kwa fedha yoyote. Kosa la mtu mwenye tangi la kioo hufa na tangi lake. Kosa la ziwa hurithiwa na wajukuu.

Kisa cha namna hiyo kimetokea upande mwingine wa dunia, na safari hii mgeni alitoka katika bahari zetu. Yuko samaki wa miamba ya Bahari ya Hindi mwenye mapezi yaliyotandazwa kama manyoya, mistari myekundu na meupe, na miiba yenye sumu. Kwa uzuri wake alipelekwa Marekani kuwekwa katika matangi. Tangu miaka ya 1980 alianza kuonekana baharini huko Florida, na inaaminika aliachiwa na wafugaji. Leo ameenea Karibea yote, akila samaki wa huko ambao hawakujua kumkimbia. Kwa hiyo amri ya kwanza kwa kila mfugaji ni hii: samaki uliyemchoka usimtupe baharini wala mtoni.

SASA TANGI LA KIOO

Tuseme wewe, ndugu msomaji, umetamani kuweka tangi la maji ya bahari nyumbani, uwe pwani au uwe mfanyabiashara uliyehamia Kisii. Uanzie wapi? Wengi huanzia kwa samaki, nalo ndilo kosa. Huanzwa kwa maji.

Maji ya bahari yana chumvi ya kadiri ya gramu 35 katika kila lita. Aliye pwani aweza kuyachota, mradi iwe mbali na bandari, mitaro ya mji na midomo ya mito. Aliye bara hana budi kununua chumvi maalumu ya matangi na kuipima kwa kipima chumvi. Chumvi ya mezani haifai. Joto liwe nyuzi 25 hadi 27, jambo ambalo Mombasa huja lenyewe kwa miezi mingi, lakini Kisii lahitaji kipasha joto. Maji yakipungua kwa kuvukizwa na jua, ongeza maji matamu, kwani chumvi haivukizwi. Ukiongeza ya bahari, chumvi itazidi siku hadi siku.

Kisha ngoja. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Wako bakteria wema wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo kali sana. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kujenga makao yao katika mawe, mchanga na chujio. Mwenye kutia samaki kumi siku ya kwanza huwaua kumi siku ya tano, kisha hulaumu muuzaji. Haraka haraka haina baraka, na hapa haina hata samaki.

Tena tangi dogo ni gumu kuliko kubwa. Katika maji machache uchafu kidogo huwa mwingi. Anayeanza ajitahidi kupata la lita 200 hivi, ingawa bei yake humfanya mtu akune kichwa.

MASWALI MATANO KABLA YA KUNUNUA

Kila samaki unayemtamani muulizie maswali matano.

La kwanza: mdomo wake una ukubwa gani? Chochote kitakachoingia mdomoni mwa chewa kitaliwa. Mkunga naye, ingawa hujificha mchana, usiku hutoka kuwinda. Hawa si majirani wa samaki wadogo, na tangi la nyumbani huwafinya.

La pili: tabia yake ikoje? Fahali wawili hawakai zizi moja. Samaki wengi wa miamba hulinda vyumba vyao, na adui wao mkubwa ni yule anayefanana nao kwa umbo, rangi na chakula. Kangaja wawili wa aina moja katika tangi dogo watachanana kwa ule mwiba wa mkiani ulio kama kisu. Kikande huuma kaa, kamba na hata mapezi ya wenzake. Bunju naye hung'ata, na licha ya ung'ataji, mwili wake una sumu.

La tatu: anakula nini? Vitatange ni wazuri kupita kiasi, lakini aina nyingi hula nyama ya matumbawe yaliyo hai. Ukimnunua mmoja wa hao na huna matumbawe, atakufa kwa njaa huku umemzungushia chakula asichokijua. Kangaja na tasi wahitaji majani. Usiweke pamoja mlaji wa pole pole na mlafi anayepupia kila punje.

La nne: atakuwa na ukubwa gani akikomaa? Samaki wa inchi mbili dukani huweza kuwa mtoto wa samaki wa futi moja. Kangaja ni mwogeleaji wa masafa. Kumweka katika sanduku fupi ni kama kumfunga farasi katika choo.

La tano: maji yake ni yepi? Kule bara hakuna mkulima mwenye akili anayetia perege pamoja na trauti, yule samaki wa mito baridi ya Mlima Kenya, kwa kuwa mmoja ataka joto na mwenziwe baridi. Baharini pia kuna tofauti. Samaki wa mikoko, ambako maji ya mto huchanganyika na ya bahari, si sawa na samaki wa mwamba.

NANI ANAFAA KWA ANAYEANZA?

Wa kwanza ni yule mdogo wa mistari meupe aishiye ndani ya anemoni, ua la bahari liwashalo. Aina mbili zake ziko katika miamba yetu ya Afrika Mashariki. Huyu ni mvumilivu, hali wenzake, wala haendi mbali. Waweke wawili tu, mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Maumbile yao ni ya ajabu: wote huzaliwa wakiwa na tabia ya kiume, na aliye mkubwa kuliko wote ndiye hugeuka jike. Akifa, dume mkubwa hushika nafasi yake. Kwa hiyo wawili wenye kimo tofauti hupatana upesi, hali wawili wa kimo kimoja hugombania cheo. Anemoni yenyewe si lazima, na kwa mwanzo ni bora isiwepo, kwa sababu yataka mwanga mkali na maji yaliyotulia kwa muda mrefu.

Baada yao wafaa wale samaki wadogo wakaao mchangani na katika mashimo ya mawe, wenye urefu wa kidole, ambao kazi yao ni kutafuna majani na kuchungulia. Hao hawagombanii maji ya juu, na hivyo kila mmoja ana mtaa wake. Wako pia wale wadogo wenye macho makubwa watembeao usiku kwa kundi, nao ni wapole. Wale weusi au wa buluu wadogo, ambao huuzwa rahisi kwa kuwa hawafi upesi, uwatazame kwa makini: wakishakua huwa wakorofi, na samaki wa bei nafuu huweza kukugharimu wengine wote.

Utaratibu wa kuingia una maana sawa na uchaguzi wenyewe. Mpole aingie kwanza, apate chumba chake. Mkali aingie mwisho, akute mitaa imekwisha gawanywa. Ndiyo kanuni ile ile ya perege kutangulia na kambare kufuata. Tia mmoja au wawili, ngoja wiki mbili au tatu, pima maji, kisha tia mwingine. Na kila mgeni akae kwanza peke yake katika chombo kingine kwa wiki kadha, kwani wahenga walisema samaki mmoja akioza huwa wameoza wote, na ugonjwa wa tangini huenea hivyo hivyo. Dawa zenye shaba hutibu baadhi ya magonjwa ya samaki, lakini huua kaa, kamba na matumbawe. Zitumike katika chombo cha pembeni tu.

Jambo la mwisho la vifaa ni umeme. Umeme ukikatika, hewa majini hupungua na joto hushuka. Pampu ndogo ya betri ni akiba bora kuliko kujuta.

AMANA

Wako watakaouliza kama kufuga samaki wa kutazama ni jambo la halali. Wanazuoni wengi wameruhusu kuweka viumbe nyumbani kwa sharti la kuwatimizia haki zao, na sote twakijua kisa cha mwanamke aliyemfunga paka mpaka akafa kwa njaa, na adhabu iliyomfika. Samaki hana sauti ya kulia. Paka mwenye njaa hukuzunguka miguuni. Samaki mwenye njaa, au anayepigwa na mwenzake usiku, hukaa kimya pembeni mpaka uione maiti yake ikielea. Kwa hiyo kumchagulia jirani mwema si suala la uzuri wa sebule tu, ni sehemu ya amana uliyoitwaa ulipomtoa kwenye mwamba wake.

Na mwamba wenyewe una haki. Malindi na Watamu ni hifadhi za bahari tangu mwaka 1968, na ndani ya hifadhi za namna hiyo hakuna ruhusa ya kuvua wala kuokota. Biashara ya kuvua samaki wa mapambo, ambayo imekuwepo pwani ya Kenya kwa miongo mingi, huhitaji leseni. Mnunuzi na amuulize muuzaji samaki ametoka wapi na amevuliwa vipi. Atakayetumia sumu au atakayevunja tumbawe ili amtoe samaki mmoja huwa amebomoa nyumba ya samaki mia.

Mkulima wa Kisii akikosea hupoteza chakula cha watoto wake na mbegu ya mwaka ujao. Mwenye tangi pwani akikosea hupoteza fedha na uhai wa viumbe wachache. Hasara hazilingani, lakini njia ya kuziepuka ni ile ile: tengeneza maji kwanza, anza na wachache, linganisha midomo kabla ya rangi, mpole atangulie na mkali afuate, na usimwachilie mgeni katika maji yasiyo yake. Anayetaka kuanza mwezi huu na atafute tangi, chumvi na kipimo, na samaki awaache dukani mpaka mwezi ujao.